Mahari Petu

Kisigino cha kiatu cha Mwalimu Jeruto kilizama kati ya mbao mbili za sakafu, na watu waliokuwa nyuma yake wakaendelea kusukumana wakipita, kana kwamba hawaoni mtu amenasa.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Machi mwaka wa 2005, siku ambayo watu wa Kitale waliruhusiwa kuingia katika maktaba yao kuukuu waone jinsi inavyokarabatiwa. Saa nne asubuhi humo ndani hapakuwa na pa kutia mguu. Walikuja wanafunzi, wakaja akina mama na vikapu vyao kutoka sokoni, wakaja makarani wenye tai, na wakaja hata wale ambao hawajafungua kitabu tangu watoke shule lakini hawataki kupitwa na jambo. Juu yao mafundi walitembea kwenye majukwaa ya miti. Upande mmoja wa paa ulikuwa umeezuliwa, na mawingu mazito kutoka Mlima Elgon yalionekana kwenye uwazi huo. Harufu ya mbao mpya, rangi na kinyesi cha popo ilikaba koo.

"Usivute!" sauti ya kiume ilimwambia kutoka chini. "Ukivuta utang'oa kisigino. Toa mguu kwanza, hiyo kiatu nitashughurikia."

Fundi alikuwa amepiga magoti mbele yake. Alivaa ovaroli ya bluu iliyopauka magotini, penseli nyuma ya sikio, na nyusi zake zilijaa unga wa mbao. Jeruto, na sketi yake ya kahawia iliyopigwa pasi ikasimama wima, alitoa mguu. Kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kushika, akashika bega la mtu asiyemjua.

"Pore sana, madam," fundi alisema akipenyeza patasi. "Viatu nyekundu kama hizi ni za kanisa. Huku mtu anakuja na gambuti."

"Tangazo halikusema gambuti."

"Tangazo iriandikwa na watu wa ofisi." Alikitoa kiatu, akakipangusa kwa mkono wa ovaroli, kisha akakishikilia badala ya kumpa. "Haya niambie, ulikuwa unakimbia wapi?"

"Pale dirishani." Jeruto alionyesha pembe ya mwisho, penye dirisha refu lenye vioo vilivyovunjika. "Pale ni mahali pangu."

"Mahari yako?"

Jeruto akacheka. Hakuwa amecheka tangu Agosti, na kicheko kilimtoka kwa nguvu hata mama mmoja mwenye kikapu akageuka kumtazama. "Mahali, si mahari! Mahali ni pale mtu anakaa. Mahari ni ng'ombe wa kuolea."

"Si ndio nimesema? Mahari."

"Umesema ng'ombe."

"Nimesema pale dirishani, bana!"

"Wewe ni mtu wa Bungoma."

"Misikhu. Umejuaje?"

"Nafundisha Kiswahili. Nusu ya darasa langu ni watu wenu."

"Kumbe ni mwarimu," alisema, na hapo ndipo alipompa kiatu. "Mimi ni Mukhisa. Kuja nikupereke. Kanyaga penye msitari ya misumari, chini yake kuna boriti. Kwingine usikanyage."

Wakaenda hivyo, yeye mbele, Jeruto nyuma, wakifuata misumari hadi dirishani. Huko Jeruto aliweka kiganja juu ya kizingiti kilichojaa vumbi. Alikuwa na miaka saba baba yake alipoanza kuja naye Kitale kutoka Kachibora, siku za kuuza mahindi. Alimwacha hapo na kitabu, akaenda shughuli zake, na jioni alimkuta palepale. Agosti iliyopita walimzika mzee huyo, na Jeruto, ambaye sasa alifundisha shule ya msingi umbali wa nusu saa tu kwa miguu, alikuwa hajathubutu kuingia humu tena. Aliyasema hayo yote kwa fundi wa watu, na alipomaliza aliona aibu.

Mukhisa hakusema pole mara hii. Alitoa kitambaa mfukoni, akafuta kizingiti mpaka mbao ikaonekana. "Keti," alisema. "Nikisikia mtu anaitaka hii nafasi, nitamwambia ina mwenyewe."

*

Jeruto alirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata hiyo, safari hizi akiwa na raba miguuni na maandazi kwenye mfuko. Watu wengine hawakuruhusiwa tena, lakini Fundi Darshan, mkuu wa kazi, alikuwa na roho laini chini ya kilemba chake cheupe. Pale kazini hakuna aliyemwita mzee ingawa alikuwa na miaka sabini. Aliitwa Fundi, na jina hilo alilipenda.

Siku moja Darshan alimwita Jeruto aone kitu. Walikuwa wameng'oa ubao wa zamani, na chini yake kulikuwa na maandishi ya penseli kwa herufi za Kipunjabi, na mwaka: 1934.

"Hii ni mkono ya baba yangu," alisema. "Hapa jina yake. Hapa jina ya mama yangu, walikuwa wameoana mwaka hiyo. Fundi anaandika chini, binti. Juu ni ya watu kukanyaga."

"Na nyinyi mtaandika?"

"Kila mtu na ubao yake. Mukhisa bado. Nauliza yeye, anasema ngoja."

Mukhisa alijifanya anatafuta nyundo.

Saa ya chai walikuwa na darasa lao. Jeruto alichukua kipande cha ubao kilichobaki, akaandika kwa chaki maneno mawili mawili: kula na kura, kalamu na karamu, mahali na mahari. Mukhisa aliyasoma, akayakosea, Jeruto akacheka mpaka akashika mbavu. Mukhisa naye alicheka. Lakini hakupenda kuchekwa. Hilo Jeruto hakuliona, na angeliona mapema huenda mengine yote yasingetokea.

"Mimi nikisikia sisikii tofauti," Mukhisa alimwambia. "Naenda na kichwa tu, kama mtu anakariri namba ya simu."

"Basi kariri. Na mahali linataka pa. Mahali pangu, mahali pako, mahali petu."

"Kwa nini isiwe mahali yetu?"

"Kwa sababu mimi mwalimu nimesema."

"Mahali petu," alisema polepole, macho yake yakitazama mdomo wa Jeruto. "Nimepita?"

"Umepita."

"Zawadi?"

"Andazi."

"Andazi tu, mwalimu wangu? Mtu amevunja ulimi hivi?"

Akamnyima busu mbele ya mafundi, akampa nje nyuma ya lundo la mabati. Ulikuwa mwezi wa Aprili. Mvua ya Kitale ilianza, ile ya baridi isiyokwisha, na tope lilipanda hadi ngazi za maktaba. Mukhisa alitundika karatasi ya nailoni juu ya pembe ya dirishani ili Jeruto asilowe. Hapo walikaa, kazi ikisimama kwa ajili ya mvua, yeye akisahihisha madaftari na Mukhisa akinoa patasi, na kama kuna wakati Jeruto alikuwa na furaha maishani mwake ni huo, chini ya nailoni inayovuja.

"Nataka kukuoa," Mukhisa alimwambia siku moja, bila kuinua macho kutoka kwenye jiwe la kunolea.

"Unaniambia mimi au unaambia patasi?"

"Patasi ilishakubali kitambo."

Jeruto alifunga daftari. "Basi leta wazee wako Kachibora. Mama yangu yuko, kaka zangu wako. Mimi sina la kuongeza."

"Ngoja kwanza nipate mahali." Neno alilitamka sawasawa, kwa uangalifu wa mtu anayebeba mayai. "Saa hii niko na chumba moja ya kukodisha, godoro nakunja asubuhi. Sitaki kukutoa kwenu nikulete kwa godoro. Nikipata mahali, hiyo wiki wazee watakuja. Na huu ubao wa hapa dirishani siupigii misumari mpaka siku hiyo. Tutaandika sisi wawili."

Kwa wiki sita baada ya hapo hakukosea neno hilo hata mara moja. Jeruto alijivunia mwanafunzi wake. Aliwasimulia hata walimu wenzake, kwamba mtu mzima akipendwa anafundishika.

*

Katikati ya Juni Mukhisa alimwambia anakwenda Bungoma siku mbili.

"Kuna nini?"

"Nikirudi nitakwambia."

"Si uniambie sasa?"

"Mpenzi, mara hii moja tu, usiniulize."

Aliondoka kwenye pikapu ya Fundi Darshan, lakini Jeruto alikuwa darasani, hakumwona akipanda. Siku ya pili, wakati wa mapumziko, simu yake ikalia mlio wa ujumbe. Aliufungua akiwa amesimama kwenye veranda ya shule, kikombe cha chai mkononi.

*Mpenzi niko Bungoma. Mambo ya mahari imeisha, mzee amekubali. Nimefurahi sana. Usiambie mtu bado. Jumamosi nitakueleza yote.*

Wewe msomaji umeshaelewa. Fundi Darshan alikuwa na karakana Bungoma, karibu na duka lake la vifaa vya ujenzi, na nyuma yake vyumba viwili vya mawe ambavyo havikuwa na mtu. Hakuwa na mtoto wa kumrithisha useremala. Siku hiyo alimkabidhi Mukhisa funguo, na kwa Mukhisa yule Fundi akageuka mzee, kwa sababu alimpa kitu ambacho mtu hupewa na baba yake. Lakini Jeruto hakujua karakana wala vyumba. Alijua tu kwamba wazee wa mahari yake yeye wako Kachibora, na hakuna aliyewaendea. Mahari iliyokwisha Bungoma, mzee aliyekubali Bungoma, ni ya binti wa mtu mwingine. Kwamba Mukhisa amekosea herufi halikumjia kabisa. Si alikuwa amemfundisha mwenyewe?

Chai ilimmwagikia kwenye viatu. Alipiga simu.

"Haro?" Sauti ya msichana, changamfu, nyuma yake watu wakicheka.

"Naomba kuongea na Mukhisa."

"Ameacha simu kwa chaji hapa dukani. Ako huko nyuma anapima kama kitanda itaingia. Nimwambie ni nani?"

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Nabwile. Ai, mpigie baadaye, reo huku ni furaha tu! Si mambo ya mahari imeiva?"

"Hongera," Jeruto alisema, akakata.

Nabwile alikuwa karani wa duka, hana habari na mtu. Alirudi kwenye kuhesabu makopo ya rangi, akasahau hata kusema kwamba kuna mtu alipiga.

Jeruto alirudi darasani. Akawafundisha watoto ngeli ya mahali mpaka kengele ikalia, maana ndiyo iliyokuwa kwenye ratiba. Jioni alitoa laini kwenye simu, akaitupa chooni, akalala na nguo zake. Hasira haikuwa kubwa kama aibu. Alikuwa amemweleza mtu yule habari za baba yake.

*

Mukhisa alipiga simu Ijumaa yote, akaambiwa mteja hapatikani. Jumamosi alimsubiri dirishani hadi mafundi wakafunga kazi. Wakati akisubiri alichukua ule ubao, akaugeuza, akaandika chini yake kwa penseli, kwa mwandiko wake bora, akiacha nafasi ya Jeruto kuongeza. Jumatatu alikwenda shuleni. Alivaa shati jeupe na viatu vilivyopigwa rangi, funguo za Bungoma mfukoni.

Wanjala, soja wa lango, alikuwa mtu wa Bungoma kama yeye, wakasalimiana vizuri. Akaenda kumwita mwalimu.

Jeruto alimwona kupitia dirisha la darasa. Alivyovaa vizuri ndivyo alivyomchoma zaidi. Alidhani ndizo nguo alizoendea ukweni.

"Mwambie aende na mahari yake," alimwambia Wanjala. "Na asirudi hapa tena."

Wanjala alirudi langoni taratibu, kofia mkononi. Habari mbaya hakupenda kuzibeba, lakini alizibeba kama zilivyo.

"Amesema uende na mahari yako. Na usirudi hapa tena."

Mukhisa alisimama. Neno alilisikia kama wanavyolisikia kwao, na kwa akili yake lilikuwa na maana moja. "Kumbe ameshajua?"

"Anajua, ndugu yangu. Tena amekasirika."

"Ameona ni ndogo?"

"Hayo hakusema. Amesema uende nayo."

Basi hivyo ndivyo alivyoelewa: kwamba mtu fulani wa kazini amemtangulia na siri yake, kwamba Mwalimu Jeruto amesikia habari za vyumba viwili nyuma ya karakana, na amevidharau. Alikuwa ameyaogopa maneno hayo tangu mwanzo. Usiku na mchana alikuwa akijiuliza mwalimu ataonaje kuishi kwenye harufu ya gundi na vanishi. Sasa amejibiwa. Angeweza kurudi siku nyingine, angeweza kumsubiri njiani, lakini mtu aliyechekwa sana hufika mahali akachoka. Alimshukuru Wanjala, akaenda zake Bungoma wiki hiyohiyo.

Na Jeruto? Kulikuwa na Kipruto, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Moi's Bridge, mwanamume mpole wa maneno machache aliyekuwa akituma salamu kwao Kachibora kwa miaka miwili bila kujibiwa. Mwezi wa Septemba mama yake Jeruto alimuuliza tena. "Waje," Jeruto alisema, akiendelea kupepeta maharagwe. Wakaja na ng'ombe wao, wazee wakakaa, mambo yakaisha kwa siku moja. Mahari ya kweli ilikuwa hiyo. Desemba wakafunga ndoa kanisani, na bibi harusi hakulia wala hakucheka, watu wakasema ni heshima.

*

Januari, Jumamosi moja ya jua kavu na vumbi, Kipruto alimshusha Jeruto mbele ya maktaba. Alikuwa ameomba uhamisho, wiki iliyofuata angeanza kufundisha Moi's Bridge.

"Nataka tu kuona dirisha, niliage," alimwambia mumewe.

"Chukua muda wako. Mimi niko sokoni, magunia. Saa kumi nitakupigia."

Paa lilikuwa limerudi. Kuta zilikuwa nyeupe, rafu zimesimama tupu zikingoja vitabu, na sakafu yote iling'aa kwa vanishi. Yote, ila ubao mmoja chini ya dirisha refu. Huo ulikuwa umelazwa tu, bila msumari. Jeruto aliutazama, akageuka atoke, na hapo Fundi Darshan akamwona.

"Binti! Wewe ulipotea wapi? Nimekasirika na wewe sana."

"Mimi, Fundi?"

"Nampa kijana wakshop yangu, nampa nyumba. Napeleka yeye mwenyewe na pikapu mpaka Bungoma. Anafurahi, anaandikia wewe meseji mbele ya macho yangu. Halafu wewe nakataa! Nyumba ya mawe! Iko stima, iko maji. Wewe nataka nini?"

"Nyumba gani?"

Mzee alimtazama usoni, na hasira yake ikapungua. Akainama kwa shida, akaugeuza ule ubao.

"Mimi hapana pigia misumari jina ya mtu mwingine," alisema. "Leo Mukhisa analeta fremu za mwisho, saa nane. Nilikuwa nataka aamue mwenyewe."

Maandishi yalikuwa ya penseli, makubwa, kila herufi imesimama peke yake kama za mtoto wa darasa la pili.

*MAHARI PETU. Mukhisa na*

Hapo palikuwa wazi.

Jeruto alisoma mara moja. Hakuhitaji kusoma mara ya pili. Ile pe ya petu ilimweleza kila kitu, maana hakuna lugha duniani inayosema mahari petu. Mzee amekubali. Kitanda kama kitaingia. Aende na mahari yake. Akakaa sakafuni na gauni lake jipya la kitenge. Akalia kwa sauti, na Darshan akasimama kando yake akishika kofia ya mtu aliyekuwa ameiacha kwenye rafu, hajui afanye nini nayo.

Saa nane na robo Mukhisa aliingia na fremu begani. Alikuwa amekonda. Alipomwona akaitua fremu polepole, akatazama macho yake yaliyovimba, kisha pete yake, kisha ubao.

"Umesoma," alisema.

"Ulimaanisha mahali."

"Nilimaanisha nini ingine?"

"Kwa simu. Uliandika mahari. Mukhisa, uliandika mahari! Nikajua umeoa Bungoma. Nikapiga, akashika msichana, akaniambia unapima kitanda…"

"Kitanda yetu! Nilikuwa nimekutengenezea!" Alisema kwa sauti kubwa hadi ikarudi kutoka kwenye kuta tupu. Kisha taratibu: "Na Wanjara? Uliambia Wanjara niende na mahari yangu."

"Mahari. Ng'ombe. Si mahali."

Midomo ya Mukhisa ilikuwa ikitembea. Alikuwa akiyajaribu maneno mawili hayo ndani kwa ndani, akitafuta tofauti yake, na haipati.

"Nilianza na L," alisema hatimaye. "Kwa ile meseji. Niliandika na L. Nikaiangaria, nikasema hapana, hiyo ndio imekuja mbio kwa kichwa, na yenye inakujanga mbio ndio huwa ya makosa. Mwarimu atanicheka. Nikafuta, nikaweka R."

Jeruto alifunika uso kwa mikono miwili. Angependa kusikia jambo lolote lingine kuliko hilo.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuwa nacheka kwa sababu nilikupenda. Sikujua kucheka namna hiyo kunauma."

"Irikuwa inauma kidogo tu." Alipiga magoti karibu naye, lakini hakumgusa. "Ungekuja hata kunitukana, Jeruto. Ungekuja Bungoma unitukane mbere ya watu."

"Na wewe ungerudi mara ya pili."

"Ningerudi."

"Ungerudi mara moja tu zaidi."

"Najua."

Nje mafundi walikuwa wakishusha fremu, wakiitana. Jeruto alipangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

"Kitanda kiko?"

"Nirimpa Nabwile. Aliolewa Novemba. Mimi narara kwa ire godoro."

"Mume wangu ni mtu mzuri," Jeruto alisema, na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilikuwa zito kulisema.

"Nimesikia. Sitaki kumkosea." Mukhisa alitoa penseli nyuma ya sikio, akaigeuza vidoleni. "Sasa huu ubao tufanye nini? Nirekebishe? Nifute, niweke L?"

"Acha hivyohivyo."

"Watu watacheka."

"Nani ataona? Fundi anaandika chini." Alinyoosha mkono, akachukua penseli. Kwenye ile nafasi iliyobaki aliandika jina lake, Jeruto, kwa mwandiko wa ubaoni, ulionyooka. Kisha akamrudishia.

Mukhisa aliugeuza ubao, akaulaza, ukaingia barabara. Jeruto alimshikia misumari, akampa mmoja mmoja. Alipiga kila mmoja mara tatu, bila haraka, na walipomaliza alipitisha kiganja juu yake kuona kama kuna kichwa cha msumari kilichobaki juu. Hakikuwepo.

"Pore, mwarimu," alisema.

Jeruto hakumsahihisha.

Simu ikalia ndani ya mkoba. Aliiacha ilie mara tatu ndipo akaishika.

"Nimemaliza na magunia," Kipruto alisema. "Uko wapi?"

Jeruto alisimama, akakikung'uta kitenge. Mukhisa alikuwa bado amepiga magoti, anakusanya misumari iliyobaki, hamtazami.

"Niko pale mahali pangu pa zamani," alisema. "Natoka sasa."

Akaenda hadi mlangoni, akikanyaga penye mstari wa misumari.